Majina ya mtandaoni: maswali tunayoulizwa kila siku mezani

Nina steshenari Mabibo, hatua chache kutoka hosteli. Mkate wetu ni fotokopi, kuchapa barua na kujaza fomu za mkopo wa chuo, lakini miaka hii wengi wanaokalia kile kiti cha plastiki mbele ya kompyuta wamekuja kufungua akaunti: barua pepe ya kuombea kazi, Instagram ya kuuzia mitumba, TikTok ya binti aliyemaliza kidato cha nne juzi. Wote hukwama palepale, kwenye kisanduku kinachouliza jina. Wengine hukaa hapo robo saa nzima huku foleni ikinuna.

Haya ndiyo maswali yanayorudi. Nimeyapa namba ili jibu moja likutume kwenye lingine. Mifano ya majina ya akaunti nimeitunga. Ukikuta lako, ni sadfa.

## Mambo ya kwanza

1. Jina la mtumiaji ni lipi, na jina linaloonekana ni lipi?

Jina la mtumiaji, ambalo vijana huliita yuzaneimu au ID tu, ndilo anwani yako. Ndani ya mtandao mmoja liko moja duniani kote: akishalichukua mtu wa Tabora, wewe wa Temeke hulipati. Haliruhusu nafasi kati ya maneno, na mara nyingi hutanguliwa na alama ya @. Jina linaloonekana ni kama kibao cha dukani. Unaweza kuandika "Mama Zuu Vitenge" na wengine mia wakaandika vilevile, wala hakuna atakayegombana na mwenzake.

WhatsApp ina mambo yake. Pale watu wengi wanakupata kwa namba ya simu, na jina unalojiandika huonekana kwenye magrupu kwa wale tu ambao hawajakuhifadhi, likiwa na kialama cha ~ mbele yake. Waliokuhifadhi wanaona walichoandika wao. Wewe umejiita Malkia, kumbe kwa fundi wako umehifadhiwa "Dada Friji Sinza".

2. Ni lazima nitumie jina la kwenye cheti?

Facebook inataka jina ambalo watu wanakuita katika maisha ya kawaida, na ufupisho wa jina lako inaukubali, kwa hiyo Abdallah anaweza kuwa Dulla bila taabu. Instagram, TikTok na X hazikulazimishi. Kuhusu barua pepe ya kazi, nenda swali la 14.

3. Watu wa Dar wanayatoa wapi majina yao?

Wengi huanza na jina la nyumbani lililokatwa. Pwani tuna ukarimu wa ajabu katika hili: Abdallah na Abdul wote ni Dulla, Mohamed ni Mudi, Selemani ni Sele, Bakari ni Beka, Omari ni Ommy, Khadija ni Dija, Zuhura ni Zuu. Fatuma ana njia mbili, Tuma au Fetty, na hapo unaweza kukisia umri wa mtu bila kumwona: Tuma ni shangazi, Fetty ni mpwa wake.

Wengine huchukua mtaa. Vijana wa muziki waliifanya Temeke kuwa TMK mwanzoni mwa miaka ya 2000, na leo herufi hizo tatu zimo kwenye akaunti za watu ambao wakati ule walikuwa hawajazaliwa. Tusishangae. Hili ni jiji la lakabu tangu zamani. Bongo ni kwa sababu bila ubongo hapa huishi. Kariakoo ni Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa vita ya kwanza ya dunia, baada ya ulimi wa Kiswahili kuwashughulikia. Daladala ni dala, ile shilingi tano iliyokuwa nauli. Vituo vya basi navyo ni watu: Kwa Mtogole, Kwa Mnyamani, Kwa Azizi Ally. Mtu aliyekulia kwenye mji ambao kituo kina jina la binadamu haoni ajabu binadamu naye kujiita jina la kituo.

Kuna wa uzazi. Waislamu wa pwani hupenda bint, bin, ummu na abuu. Na uswahilini mwanamke akishajifungua, jina lake linakwenda likizo: ni Mama Ibra mpaka uzeeni, na hivyohivyo huingia nalo mtandaoni, hata kama Ibra mwenyewe sasa ana miaka 25 na anaomba mama yake alitoe.

Kuna wa mpira: Mnyama na Msimbazi kwa watu wa Simba, Wananchi na Jangwani kwa watu wa Yanga. Ni majina matamu kwa akaunti ya kupiga soga. Kwa akaunti ya kuuza vitu siyashauri, maana nusu ya jiji umeshaifungia mlango kabla haijaona bei.

Halafu kuna wale niwapendao zaidi, wa kanga. Maandishi ya kanga huitwa jina, na kazi yake mojawapo ni kumsema mtu bila kumtaja. Akaunti inayoitwa hasidihanasababu au semenimchoke ni kanga iliyohamia kwenye simu. Mhusika anajijua. Akiuliza, mwenye akaunti anasema ni jina tu.

4. Nina jina la utani nililobandikwa na watu. Nilitumie?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Jina unalojitungia linaonyesha unavyotaka kuonwa. Jina unalobandikwa linaonyesha watu walichokiona. Rais Ali Hassan Mwinyi hakukaa chini akachagua kuitwa Mzee Ruksa. Alifungua milango ya biashara baada ya 1985, ruksa zikawa nyingi, wananchi wakamaliza kazi. Jina likadumu kwa sababu halikuhitaji kuelezwa. Ndivyo lilivyo jina la mtaani linaloganda: lina tukio ndani yake, na lilikwishapita kwenye midomo ya watu kabla halijaandikwa popote.

Mimi naitwa Kopi. Sikulichagua, na miaka ya mwanzo lilinikera, kwa sababu nilikuwa nimesomea mambo makubwa kuliko kubonyeza mashine. Nilipofungua akaunti ya ofisi nikaipa jina la Kizungu refu lenye neno la suluhisho ndani yake. Hakuna aliyeipata. Wanafunzi walikuwa wakitafuta "kopi mabibo", hawaoni kitu, wanakuja kuniuliza kama tumefunga. Nilibadilisha baada ya miezi minane, na miezi minane ni mingi kwa ukaidi.

Kwa hiyo kama watu wanakuita jina na ukiitwa unageuka bila kuumia, litumie. Tayari lina matangazo ambayo hukuyalipia.

Lakini yapo majina ya kuumiza. Utani wetu hauogopi mwili: kuna Kipara, kuna Bonge, kuna Chongo. Nina mteja anayejiita Kipara kila mahali na analipenda kweli, kinyozi wake ndiye anayelalamika. Nina mwingine aliyebatizwa kwa kilema cha mguu tangu darasa la tatu. Mtaani anaitika kwa sababu akikataa watazidisha. Mtandaoni ndipo mahali pa kwanza maishani alipoulizwa yeye mwenyewe anaitwa nani. Huyo simshauri abebe la mtaani eti kwa kuwa linajulikana. Ajipe analotaka, hata likichukua miaka kuzoeleka.

## Kuchagua

5. Nitajuaje kama jina ni zuri?

Mpigie simu mtu aliye kwenye daladala, umtajie jina mara moja, kisha umwambie alitafute. Akilipata, ni zuri. Akikuuliza "unaandikaje hapo?", bado.

Nalishikilia jaribio hili kwa sababu majina ya Dar husafiri kwa mdomo. Mteja anamwambia shoga yake saluni huku kikaushio kinanguruma. Konda anamwambia konda mwenzake kupitia dirishani. Hakuna anayetuma kiungo. Dada mmoja alikuja na jina lenye mistari ya chini miwili mwanzoni, nukta katikati na herufi z tatu mwishoni. Nikamwomba anitajie kama vile mimi ni mteja wa Mbagala. Akaanza: "Mstari wa chini, mstari wa chini, halafu nukta, hapana, kwanza..." Akacheka mwenyewe. Tulitoa vyote likabaki jina lake na neno keki.

Urefu nao unahusika. X haikubali zaidi ya herufi 15, TikTok 24, Instagram 30. Anayetaka jina lilelile kote apime kwa X, ndiyo yenye kibaba kidogo.

6. Jina langu limeshachukuliwa. Nifanyeje?

Kwanza pole, una wajina. Ukiwa Neema, Asha, Juma au Baraka una wajina maelfu, na wale wa mwaka 2010 walikuwahi.

Wengi hukimbilia kuongeza tz au 255 mwishoni. Si vibaya, ila kumbuka kuwa na wenzako wamefikiri hivyohivyo, na mteja atasahau kama ulikuwa tz au 255 au vyote viwili. Neno la Kiingereza la kusema wewe ndiye rasmi, official, lina kasoro nyingine: linauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Kama una wafuasi 90, nani amekuiga?

Kinachofanya kazi vizuri ni kuongeza unachofanya au ulipotoka, kama watu wanavyofanya wakikuhifadhi kwenye simu. Hakuna anayemhifadhi fundi wake kwa jina na namba 255. Anaandika "Juma Mabomba". Anaandika "Asha Mayai". Kwenye simu za watu jina lako kamili limeshatungwa, omba ulione. Wateja wangu wawili wamepata majina hivyo, kwa kumwuliza jirani, "Kwako nimehifadhiwa vipi?" Mmoja hakupenda alichokikuta, lakini hiyo ni habari nyingine.

7. Niweke mwaka wa kuzaliwa?

Usiweke. Watu wengi mno hutumia mwaka huohuo kama namba ya siri ya pesa kwenye simu, tarakimu nne zilezile. Ukiandika 1998 kwenye jina la akaunti halafu simu yako ikaibwa Manzese, mwizi ana la kujaribia. Kama tayari unao kwenye jina na hutaki kulibadilisha, badilisha namba ya siri leo.

8. Jina langu lina ng'. Mbona linakataliwa?

Kwa sababu ya kile kidoti cha juu. Instagram, kwa mfano, inapokea herufi, tarakimu, nukta na mstari wa chini, basi. Wasukuma ndio wanaoumia zaidi, maana majina mengi yao huanza na Ng'wana, yaani mtoto wa fulani. Ukikiondoa kidoti, mtu wa Dar atasoma Ngwana kwa ng ya ngoma badala ya ng' ya ng'ombe, na wewe utasikia kama ameitwa mtu mwingine.

Dawa kamili haipo. Andika bila kidoti kwenye jina la mtumiaji, kisha uliandike sawasawa kwenye jina linaloonekana, ambako kidoti kinakubalika (tofauti yao iko swali la 1). Usiweke mstari wa chini mahali pa kidoti. Nimeona ng_wana, na kila anayelisoma hupumzika katikati kana kwamba amekabwa.

9. Nikiunganisha maneno yatasomeka?

Yasome kwa sauti, kisha mpe mtoto wa darasa la nne ayasome. Kiswahili kina irabu nyingi na maneno yetu hushikana kirahisi. Mteja alitaka dukalanguo. Yeye alimaanisha duka la nguo. Mimi nilisoma duka langu, halafu ikabaki o moja inazurura. Hapo nukta au mstari wa chini una kazi yake: duka_la_nguo halimpotezi mtu, ingawa kwenye jaribio la swali la 5 linachechemea. Bora zaidi ni kutafuta maneno mawili yasiyogombana.

10. Kuandika x badala ya s bado kupo?

Enzi za xaxa na cjui zimepita kwa kiasi kikubwa. Xalma wa wakati ule leo ni mama wa watoto wawili anayetafuta namna ya kurudi kuwa Salma. Nenda swali la 15.

## Majina ya biashara

11. Nitumie jina langu, la bidhaa, au la mahali nilipo?

La mahali ndilo linalodanganya. Kariakoo ina mvuto, kila mtu anataka neno hilo kwenye jina lake hata kama stoo yake iko Goba. Lakini Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 wafanyabiashara wake walitawanyika kwenda sehemu nyingine za jiji. Jina lenye kizimba na mtaa ndani yake halihami pamoja na mzigo. Ukitaka kutaja mahali, taja kwenye maelezo ya akaunti, pale panafutika.

La bidhaa linafaa kama una uhakika hutabadilisha bidhaa. Dar huo uhakika ni wa wachache. Aliyeanza na viatu Januari anauza mafuta ya nazi Juni na majiko ya gesi Desemba.

Mimi huegemea jina la mtu: Mama Zuu, Dulla, Bi Mkubwa, lolote ambalo wateja wanaliita. Mama Zuu anaweza kuuza vitenge, akauza sambusa, akapangisha viti vya shughuli, bado ni Mama Zuu.

12. Wateja wanaogopa kulipa kwa sababu jina linalotokea kwenye simu si la dukani. Nifanyeje?

Wana haki ya kuogopa. Mtu anaona picha za viatu kwa jina la akaunti lenye maua, anaingiza namba, simu inamwambia anamtumia pesa mwanamume wa majina matatu asiyemjua. Mara nyingi ni mume wa mwenye duka, au kaka aliyemsajilia laini. Mara nyingine ni tapeli.

Wauzaji wa Dar walikwishapata njia yao, nayo ni kutanguliza: wanaandika namba, kisha "jina litakuja" na jina kamili la usajili. Ifuate. Andika jina herufi kwa herufi kama linavyotokea, mahali pa wazi, usingoje kuulizwa. Vizuri zaidi chukua lipa namba yenye jina la biashara, ili kinachotokea kwenye simu kifanane na kibao. Na kama laini yako imesajiliwa kwa mtu mwingine, irekebishe. Unaweza kuangalia usajili kwa kupiga *106#.

Kwa mnunuzi: jina likija tofauti na ulilotajiwa, simama. Tapeli aliyekutumia ujumbe, namba yake itume kwenda 15040.

13. Nikisajili jina la biashara BRELA, akaunti yenye jina hilo inakuwa yangu?

Hapana, haiwi yako hivihivi. BRELA inakusajilia jina la biashara hapa nchini; Instagram inampa jina aliyewahi. Ni madaftari mawili tofauti. Tena kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Hii ya pili pia inafanyika BRELA, ni kazi nyingine na malipo mengine, na ndiyo inayokupa nguvu ukitaka kulalamika kwa mtandao kwamba mtu anatumia alama yako.

Kwa hiyo kabla hujachapisha mabango fanya vyote siku moja: tafuta jina BRELA na ulitafute kwenye mitandao. Nimechapisha kadi 500 za mtu ambaye kesho yake aligundua jina lake liko kwa muuza manukato. Kadi zile bado ziko kwangu, tunaandikia hesabu nyuma.

## Kukua na kubadilisha

14. Barua pepe yangu niliifungua nikiwa kidato cha pili. Naweza kuombea kazi?

Unaweza, ila msaili atakutana na mtotomtamu kabla hajakutana na shahada yako. Fungua mpya yenye majina yako mawili. Kama yameshachukuliwa, ongeza la tatu au herufi ya kwanza ya jina la baba. Kwenye Gmail nukta hazihesabiki, kwa hiyo kuiweka au kuitoa hakukupi anwani mpya. Wengi huhangaika hapo bure.

Ile ya zamani usiitupe. Huenda ndiyo uliyojazia fomu za mkopo au akaunti zako nyingine, na siku ukisahau nywila ujumbe utakwenda huko. Kila wiki kuna mtu anakaa kwenye kiti kile akijaribu kukumbuka alijiitaje mwaka 2016, na hakuna kinachovunja moyo kama kumsaidia mtu mzima kukisia alimpenda nani akiwa na miaka 16. Maana jina la huyo ndilo lililokuwemo.

15. Kubadilisha jina kunaruhusiwa? Sitapotea?

Kunaruhusiwa. TikTok hukubali kubadilisha jina la mtumiaji mara moja kila siku 30, na jina la Facebook ukilibadilisha unangoja siku 60. Jina la zamani ukiliachia, mwingine anaweza kulichukua, na viungo vyako vya zamani vikampeleka mteja kwake.

Kupotea kunategemea kama umewaaga watu. Kuna Joseph Mbilinyi: aliimba kama 2 Proud, akawa Mr II, akawa Sugu, na mwaka 2010 akawa mbunge wa Mbeya Mjini, Sugu likiwa limemfuata mpaka Dodoma. Klabu ya Simba iliitwa Sunderland hadi 1971. Leo ukitaja Sunderland pale Msimbazi kijana atadhani unaongelea ligi ya Uingereza. Wote walibadilisha hadharani. Anayepotea ni yule anayebadilisha usiku, kimyakimya, na picha pia akaibadilisha. Badilisha kimoja kwanza. Jina la zamani liache kwenye maelezo miezi kadhaa: "zamani Xalma".

## Kujificha, kuigwa na sheria

16. Kutumia jina la bandia ni kosa?

Jina la kutunga na kumwigiza mtu ni vitu viwili. Kujiita Mkulima wa Mwezini hakumdhuru mtu. Kujiita kwa jina la mtu aliyepo, ukiweka na picha yake ili watu waamini wewe ndiye yeye, kunaangukia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayokataza kujifanya mtu mwingine kwa kutumia kompyuta. Na jina la kutunga halikulindi na unachokisema: tusi ni tusi, utapeli ni utapeli.

Lakabu si ujanja wa jana. Washairi wa magazetini walikuwa wakijitaja kwa lakabu kwenye beti za tamati, na mahasimu wao wakawajibu kwa lakabu, wiki hadi wiki, wasomaji wakishangilia watu wasiowajua sura.

17. Nikitumia jina la bandia hakuna atakayenijua?

Majirani huenda wasikujue. Zaidi ya hapo usijidanganye. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Akaunti nyingi hufunguliwa kwa namba ya simu. Vyombo vya dola vina njia ya kisheria ya kudai taarifa, na si kila anayeombwa atakataa. Maxence Melo wa JamiiForums, ambako watu wengi huandika kwa majina ya kutunga, alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani, na suala la kutowapa polisi taarifa za watumiaji lilikuwamo kwenye mashtaka.

Lakini kinachowafichua wengi ni uvivu. Mtu anatumia jina lilelile la siri kwenye akaunti ya kusema mabosi na kwenye akaunti ya kuuza pikipiki yenye namba yake ya simu. Jina la siri halitakiwi kuwa na ndugu.

18. Mtu amefungua akaunti kwa jina na picha zangu, anakopa pesa kwa rafiki zangu. Nianzie wapi?

Anzia kwa watu. Weka tangazo kwenye akaunti yako na magrupu yako yote, la sauti likiwezekana, maana sauti yako wanaijua. Piga picha za kioo zinazoonyesha jina la mtumiaji la yule mwigaji, kwa sababu jina linaloonekana atalibadilisha ndani ya dakika. Kisha iripoti akaunti kwa mtandao wenyewe, na uwaombe na wenzako waripoti. Kama pesa zimeshatumwa, nenda kituo cha polisi na zile picha pamoja na ujumbe wa muamala. Namba ya tapeli itume 15040 kama ilivyo swali la 12.

## Kesi zisizo na mwenyewe

19. Tulifungua akaunti ya pamoja kwa kuunganisha majina yetu. Tumeachana.

Huja kila baada ya Februari. Kama akaunti haina biashara, ifuteni wote wawili mkiwa bado mnasemezana. Kama ina wateja, anayebaki nayo abadilishe jina haraka na amlipe mwenzake kitu. Nimeona mmoja aliyekata tu nusu ya jina. Ilibaki silabi mbili zisizo na maana, na kila mteja mpya alikuwa akiuliza maana yake.

20. Baba amefariki. Watu walimjua kwa jina la akaunti tu. Tufanye nini?

Facebook na Instagram zina utaratibu wa kuifanya akaunti kuwa ya kumbukumbu. Ndugu anaomba na kuonyesha uthibitisho wa kifo. Tangu hapo hakuna anayeweza kuingia kuitumia, ila picha zinabaki. Kabla hamjaomba, fikirieni kama kuna kitu mnahitaji kutoka ndani, namba za wateja au madeni aliyowadai watu.

Na kwenye tangazo la msiba andikeni majina yote. Mwaka jana tulichapa tangazo la mzee mmoja wa mtaa wa pili kwa majina yake matatu ya cheti, likabandikwa kwenye nguzo tangu asubuhi, watu wakalisoma na kupita. Mchana mwanawe alirudi, tukaongeza mstari mmoja chini ya jina, "maarufu kama Mzee Antena", tukachapa nakala 20. Alasiri barabara ilikuwa haipitiki.